Utingo, mchuma chai na mcheza mganda: tathmini ya kikundi cha vichekesho vya vitendo cha Mbeya

Kamati nyingi za sherehe hapa Mbeya, zinapotafuta mchekeshaji, huuliza swali moja tu: anachekesha au hachekeshi? Jibu hutolewa na mjumbe yeyote aliyewahi kuona video yake fupi kwenye simu, na mjadala huishia hapo. Kikundi ninachokitathmini hapa kinahitaji swali la pili, yaani wasanii wake walikuwa wakifanya kazi gani kabla ya kupanda jukwaani. Niliwatazama katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha akiba na mikopo pale Uyole, nikawatazama tena katika mahafali ya shule moja ya sekondari jirani na Tukuyu, na kote kuwili onyesho lilinoga pale ambapo mwili wa msanii ulifanya jambo ambalo uliwahi kulifanya kwa ajili ya riziki, likapwaya pale msanii alipoazima mwili wa mtu mwingine.

Wasanii ni watano, wanaume wanne na mwanamke mmoja, na kwa kuwa bado wanahangaikia usajili wa jina lao, nitawaita kikundi tu. Jukwaani hawasemi karibu chochote. Vifaa vyao ni ngoma, filimbi, benchi moja la mbao, magunia na maleba yanayoenea katika begi la mtumba, na onyesho zima huchukua muda wa saa moja hivi. Watazamaji waliozoea mchekeshaji mmoja mwenye maikrofoni na maneno mengi huwa wanatazamana dakika za mwanzo, wakidhani spika zimeharibika.

Watu wengi huwatambua kwa onyesho lao la lumbesa, nami naanza nalo kwa kuwa ndilo bora kuliko yote. Wakulima wa viazi wa Uyole, Isyonje na Makete hawahitaji kuelezwa maana ya lumbesa: sheria ya vipimo inataka furushi la mazao lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi huja na gunia lililoongezewa wavu na kamba juu, hulijaza hadi lifanye kichwa cha pili, kisha humlipa mkulima bei ya gunia moja. Katika onyesho hilo mnunuzi hushona, hujaza na kushona tena, na kila anapoongeza kiazi, mbebaji aliye chini ya gunia hushuka kidogo, hadi mwisho anatembea amechuchumaa huku bado akijitahidi kumsalimia mwenyekiti wa kijiji kwa adabu. Gunia lenyewe limejaa sponji. Baada ya mkutano nililiinua kwa mkono mmoja, na hapo ndipo nilipouona ukubwa wa kazi ya kijana yule, kwa sababu uzito wote tuliouona ukumbini ulikuwa katika magoti yake, katika shingo yake na katika namna alivyotafuta mahali pa kukanyaga kabla ya kuhamisha mwili.

Kijana huyo alikuwa utingo wa malori ya mizigo yanayokwenda Tunduma. Kwa maelezo yake mwenyewe, alianza kwa kupakia na kupakua, akapanda cheo cha kufunga turubai na kulinda mzigo usiku, na aliacha baada ya kuona kwamba wenzake walioendelea walizeeka migongo kabla ya kupata leseni ya udereva. Onyesho lake la pili linamhusu utingo anayepanda mlima Kitonga kwa miguu pembeni mwa lori lililolemewa, akiwa na jiwe la kuweka nyuma ya tairi. Lori halipo, jiwe halipo, mlima haupo. Hata hivyo wajumbe wetu waliowahi kusafiri barabara hiyo walikuwa wakiinuka vitini kila tairi lilipoteleza, na mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alipaza sauti kumwambia kijana aweke jiwe upande wa kushoto. Sijui kama kuna sifa kubwa zaidi ya hiyo ambayo mwigizaji bubu anaweza kupewa.

Mwanamke wa kikundi alikuwa mchuma chai Mufindi. Anayezijua kazi za mashamba ya chai anafahamu kwamba mchumaji hulipwa kwa kilo, kwamba kinachotakiwa ni majani mawili na chipukizi lake, na kwamba mikono miwili hufanya kazi kila mmoja kwa akili yake huku macho yakiwa yametangulia kichaka cha mbele. Mashine za kuchumia zilipoingia mashambani, mahitaji ya mikono yalipungua, naye akawa miongoni mwa waliorudi nyumbani. Alichofanya kwa mikono hiyo ni jambo la kustaajabisha. Onyesho linaanza na mama anayerudi kutoka shambani jioni, ambaye mikono yake imekataa kuacha kazi. Anakaa kupumzika, mikono inachuma mkeka. Anaitwa kula, inachuma mboga sahanini. Mume anamkaribia, inamchuma ndevu. Kisha anashuka ukumbini, na hapo hakuna aliye salama. Katika mkutano wetu alichuma vifungo hewani mbele ya shati la mhasibu, akachuma kalamu mfukoni mwa mgeni rasmi, akaitupa nyuma katika kikapu kisichoonekana, na uso wake muda wote ulikuwa wa mtu anayeomba radhi kwa makosa ya watoto wake. Kasi yake haiwezi kufundishwa katika semina ya wiki moja, na anapopunguza mwendo ili tuone kidole gumba kikikata shina, unaona pia ukakamavu wa ngozi ya kidole hicho.

Ni yeye pekee kati ya watano ambaye sikuona kipande chake hata kimoja kikilegea. Ninasema hivi nikijua kwamba katika matangazo yao ya mdomo kikundi humweka wa mwisho, na kwamba waandaaji wa sherehe humwuliza kiongozi kama huyo mama naye anachekesha au amekuja kushika begi.

Msanii wa tatu ni kiziwi kutoka Iringa, aliyesomea ushonaji na kufanya kazi ya cherehani kwa miaka kadhaa kabla ya kujiunga. Wapo watakaodhani kwamba alichukuliwa kwa huruma, au kwamba kikundi hakisemi kwa ajili yake. Yote mawili si kweli. Katika Lugha ya Alama uso si pambo, kwa kuwa nyusi, mashavu na mdomo hubeba sehemu ya sarufi, hivyo mtu aliyekua akizungumza lugha hiyo anakuja jukwaani na uso uliofanya kazi tangu utotoni, wakati wasanii wengi wanaosikia hulazimika kuuamsha wa kwao ukubwani. Kipande chake cha fundi na mteja aliyenenepa tangu vipimo vichukuliwe kinaeleweka hadi safu ya nyuma kabisa. Jambo lililonivutia zaidi lakini ni namna anavyopokea kicheko asichokisikia: huyatazama mabega ya watu, na hasogei hatua inayofuata mpaka mabega yametulia. Wachekeshaji wengi wenye masikio mazima hukanyaga kicheko chao wenyewe kwa haraka ya kuendelea. Yeye hajawahi kufanya hivyo mbele yangu.

Hapa pana tahadhari kwa waandaaji. Wenzake humpa ishara kwa kukanyaga sakafu kwa nguvu, na ishara hiyo hupita vizuri kwenye jukwaa la mbao. Kwenye sakafu ya saruji haifiki, na katika mahafali yale aliingia nyuma ya wakati mara moja, ingawa mwenzake anayecheza ngoma ya mganda aliokoa jahazi kwa kuzunguka jukwaa mzima mzima akijifanya anamtafuta. Atakayewakodi na aulize mapema kuhusu jukwaa.

Mcheza mganda mwenyewe amekulia mwambao wa Ziwa Nyasa. Mganda ni ngoma ya wanaume iliyotokana na beni, ile ngoma iliyoanza mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi na magwaride ya wazungu, ikasambazwa bara na askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Wachezaji hujipanga kwa mistari, wana vyeo, wanavaa kaptula na soksi ndefu zilizo safi kuliko za askari wenyewe, na hupiga hatua kwa nidhamu ambayo ukiitazama sana utaona kwamba ndani yake kuna dhihaka ya kimyakimya. Msanii huyu ameichukua dhihaka hiyo akaitoa hadharani. Anacheza ofisa anayekagua gwaride la watu wasiokuwepo, anamkemea mmoja, anamsogeza mwingine nusu hatua, anatembea mbele ya mistari akiwa amenyooka sana kiasi kwamba anapojikwaa mwili wote huanguka kama mlango uliong'oka bawaba. Ni mfupi wa maneno hata nje ya jukwaa, anavua samaki na kulima mpunga Kyela katika miezi ambayo hakuna sherehe, na alinieleza kwamba hajifikirii kuwa mchekeshaji hata kidogo, yeye ni mcheza ngoma ambaye watu wameamua kumcheka.

Wa tano ndiye kiongozi, na yeye peke yake ana cheti cha sanaa. Alisoma Bagamoyo, katika taasisi ambayo leo inaitwa TaSUBa, iliyoanzishwa mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa baada ya vikundi vya taifa vya ngoma, maigizo na sarakasi kuvunjwa. Sarakasi ya nchi hii ina historia yake: vijana wa Kitanzania walipelekwa China katika miaka ya 1960 kujifunza, wakarudi na kuunda kikundi cha taifa, na mafunzo hayo yakaendelea kupokezanwa. Kiongozi ni tunda la mnyororo huo. Hupiga samasoti kutoka juu ya benchi akatua ameketi, huanguka kwa ubavu bila kugusa kiwiko, na ndiye aliyewafundisha wenzake kuipokea sakafu kwa bega na mgongo badala ya mkono, somo ambalo pengine limewaokoa mifupa mingi kuliko bima yoyote.

Pamoja na ustadi wote huo, vipande vyake ndivyo vilivyo dhaifu. Kipande kirefu kuliko vyote katika onyesho ni chake, nacho ni nakala ya Mr. Bean: koti lile, tai ile, macho yale, mtihani ule ambao kila mtu ameuona kwenye televisheni. Watoto wa shule walicheka, nami sitawanyima haki yao, lakini walikuwa wakicheka kumbukumbu. Rowan Atkinson alisomea uhandisi wa umeme Newcastle, kisha akaendelea Oxford, kabla ya mhusika wake huyo kuanza kuonekana kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 1990, na ukimtazama kwa makini unamwona mtu anayejenga balaa hatua kwa hatua, kila hatua ikiwa na sababu yake na kipimo chake. Mwigaji wetu amechukua nyusi akauacha mpangilio. Hali hii inasikitisha zaidi kwa kuwa yeye ndiye mwenye mwili uliofundishwa vizuri kuliko wote, na alipokuwa akionyesha mazoezi ya kuanguka kabla ya mkutano wetu kuanza, bila maleba na bila muziki, tulicheka kuliko tulivyocheka baadaye.

Wapo watakaosema kwamba ninadai kila mchekeshaji awe amebeba magunia kwanza. Sidai hivyo, ila katika miaka niliyofundisha sanaa za maonyesho nimesoma maisha ya wengi waliofanikiwa katika fani hii, na mara nyingi nimekuta mwili uliofanyishwa kazi mapema. Charlie Chaplin alikuwa bado mtoto alipozunguka Uingereza na kikundi cha wavulana wacheza dansi ya viatu vya mbao, akalelewa baadaye katika kampuni ya Fred Karno iliyompeleka Marekani mwaka 1910. Buster Keaton, aliyezaliwa mwaka 1895, alirushwa huku na huko jukwaani na baba yake mzazi tangu akiwa mdogo sana, na koti lake lilishonewa mpini wa sanduku mgongoni ili kurushwa kuwe rahisi. Siku hizi ustawi wa jamii wangefika kabla ya mapumziko. Jackie Chan, ambaye vibanda vya video vya Mwanjelwa na Kabwe vilimfanya kuwa jamaa wa kila nyumba, alitumikia takriban miaka kumi katika shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong, ambako siku ilianza na kuisha kwa mazoezi ya mwili. Hata Jacques Lecoq, ambaye shule yake iliyofunguliwa Paris mwaka 1956 imetoa waigizaji wengi wa vitendo duniani, aliingia katika fani akitokea ualimu wa michezo. Hapa kwetu, King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa jukwaani tangu utotoni, na alipokwisha kuingia katika filamu hakuhitaji maneno mengi. Kutembea kwake tu kulitosha.

Ndiyo maana ninamshauri kiongozi, kwa heshima ya mtu aliyemzidi umri, aliache lile koti na aweke jukwaani maisha yake halisi ya mwanafunzi wa sarakasi: kuning'inia, kukosea, kurudia, njaa ya bwenini. Hakuna mwingine Mbeya mwenye hazina hiyo.

Kuhusu huduma yenyewe, nianze na lililo zuri. Wanafika mapema, jambo ambalo yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya sherehe atalithamini, na wanakuja kuuona ukumbi kabla ya siku yenyewe bila kudai nauli ikiwa ni ndani ya jiji. Hawategemei umeme. Faida hii niliiona Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe ambayo ni miongoni mwa wilaya zenye mvua nyingi nchini: mvua ilishuka juu ya mabati katikati ya sherehe, hotuba ya mgeni rasmi ikamezwa yote, mwimbaji aliyekodiwa akaweka maikrofoni chini, na mshereheshaji akabaki akipunga mikono. Kikundi kikaingia. Mvua iliendelea kwa nguvu ile ile, na wazazi wakapata onyesho kamili bila kupoteza hata nukta, mchuma chai akiwa tayari ameongeza kipande cha kujikinga na matone ambacho hakikuwa kimepangwa.

Bei yao ni ya maelewano, na nauli ya nje ya jiji huhesabiwa kando. Ukilinganisha na gharama ya kumleta mchekeshaji mwenye jina kutoka Dar es Salaam, pamoja na tiketi, hoteli na watu wake, tofauti ni kubwa mno. Hata hivyo mkataba wao ni karatasi moja isiyosema nani anawajibika msanii akiumia, na kwa watu wanaoanguka kwa kazi, hilo ni pengo la kuzibwa upesi. Wamalize pia taratibu za BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kwa sababu baadhi ya taasisi na halmashauri hazitalipa kikundi kisicho na kibali, hata kiwe kizuri namna gani.

Kasoro nyingine ni ya mpangilio. Wanaanza na kipande cha mlevi, ambacho kila kikundi cha vichekesho nchini kimekuwa nacho tangu enzi za vikundi vya sanaa vya Muungano na TOT, zile enzi ambapo tiketi moja ilikupa ngoma, sarakasi, igizo na kichekesho, na ambacho hakijapata wazo jipya tangu hapo. Utingo ndiye anayekicheza, naye anakicheza bila moyo. Kwa kuwa kinatangulia, wageni waliochelewa hudhani wamefika katika jambo la kawaida, wakarudi kwenye simu zao. Wangeanza na gwaride la mganda, ngoma ikipigwa kutokea nje ya mlango, ukumbi wote ungegeuka.

Kwa mikutano ya vyama vya ushirika, siku za wakulima, mahafali na sherehe za kumuaga binti zenye nafasi mbele ya meza kuu, ningewakodi tena bila kusita, nami ningeomba kwa maandishi lumbesa, Kitonga, chai, cherehani na gwaride, bila mlevi na bila Mr. Bean. Kwa chakula cha jioni cha ofisini, katika ukumbi mdogo uliojaa viti, wasiitwe. Watabanwa, na mtu ataumia. Wanahitaji sakafu kavu, jukwaa la mbao kama lipo, na nafasi ya hatua kumi hivi kila upande. Malipo ya awali ni nusu. Na sahani zao ziwekwe kando mpaka wamalize, kwa sababu kamati yetu, kwa ukarimu, iliwapa wali na nyama nusu saa kabla ya lumbesa, na utingo alikula chote kwa adabu, kisha akaenda kubeba gunia akiwa na uso ambao safari hiyo haukuwa wa kuigiza.